Mbwa ninayekimbia naye anaishiwa nguvu kilomita ya nane. Nimlishe nini, na saa ngapi?

Mama_Chui (Moshi)

Habari za jioni wanajamvi. Naomba msaada wa wenye uzoefu, hasa mnaokimbia na mbwa wenu.

Nina dume anaitwa Chui, miaka mitatu. Mama yake alikuwa wa kienyeji, baba yake German Shepherd wa jirani. Nakimbia naye siku nne kwa wiki: Jumanne, Alhamisi na Ijumaa kilomita 8 hadi 10, na Jumapili ndiyo ndefu, 14 mpaka 18. Tunatoka mtaa wa Shanty Town saa kumi na moja na nusu alfajiri, tunashuka hadi Msitu wa Rau, tunazunguka kwenye njia za vumbi kule ndani, halafu tunapanda kurudi. Najiandaa na nusu marathoni ya Kilimanjaro mwezi wa pili. Yeye hatakimbia siku hiyo, lakini mazoezi yote ni yetu wawili. Bila yeye nisingethubutu kuingia msituni na giza lile.

Mwaka jana alikuwa ananivuta kamba mpaka mkono unauma. Tangu mwezi wa kumi na moja uanze, tukifika kilomita ya saba au ya nane anabaki nyuma, ulimi nje, na mara mbili amelala katikati ya njia akakataa kuinuka. Nilipompima mwezi wa sita alikuwa kilo 24. Jumamosi nimempima tena, 21 na nusu.

Chakula chake ni hiki. Saa kumi na moja kabla hatujatoka nampa bakuli la ugali wa sembe uliobaki na mchuzi wa jana, ili apate nguvu ya kukimbia. Usiku ugali tena na kiganja cha dagaa, au makombo yetu. Nyama anapata Jumapili. Nikimwongezea ugali anakula nusu anaacha. Wiki iliyopita mwenzangu wa kikundi cha mbio alinishauri nimwekee glukosi kwenye maji. Nilimpa vijiko vitatu, akaharisha siku mbili.

Bajeti yangu kwa ajili yake ni kama elfu tatu kwa siku, nikijibana sana elfu nne. Chakula cha pakiti siwezi kila siku. Naishi na mama yangu, na mama anaamini yai alilopewa mbwa ni yai lililotupwa, kwa hiyo nahitaji maelezo nitakayoweza kumpelekea na yeye.

Je, mbwa anayekimbia anahitaji nini ambacho wangu hapati? Na anatakiwa kula saa ngapi?

Mkimbia_Pwani (Dar)

Pole dada. Mimi nakimbia na jike wangu Coco Beach Jumamosi na Jumapili, kilomita saba tu, kwa hiyo sina uzito wa kusema mengi. Nachoweza kukuambia ni hilo la kula kabla ya kutoka. Wangu nilimlisha mara moja saa kumi na moja, tulipofika kilomita ya tatu akatapika vyote mchangani, vipande vizima vizima kama alivyovimeza. Tangu hapo anakula jioni peke yake na anakimbia vizuri zaidi.

Na kwa mtu yeyote anayekimbia na mbwa ufukweni: beba maji yako. Mbwa mwenye kiu anakunywa maji ya bahari, halafu yanamtoka huku na huku.

Mzee_wa_Njiro (Arusha)

Binti, nimesoma ulichoandika mara mbili. Kabla ya yote nakuomba uache kumlisha saa kumi na moja, kuanzia kesho. Mengine yanaweza kusubiri mpaka mwisho wa wiki. Hilo halisubiri.

Nimefanya kazi ya mifugo miaka 27 na nimekimbia na mbwa zaidi ya hiyo. Mwaka 2011 nilikuwa na dume anaitwa Tembo, kilo 38, kifua kirefu kimeshuka mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa nampa uji mzito wa dona alfajiri kama unavyofanya wewe, kwa sababu ileile yako, halafu tunakwenda Moshono na kurudi. Kwa miaka miwili hakikutokea kitu. Asubuhi moja tulipofika nyumbani akanywa maji mengi kwa pupa, kisha akaanza kuzunguka uani hatulii. Anakaza shingo kutaka kutapika, hakitoki kitu isipokuwa udenda mweupe. Ubavu wa kushoto ukavimba, ukigonga unalia kama ngoma. Nilijua ninachokiona. Tumbo lilikuwa limejaa gesi na kujisokota, mlango wa juu na wa chini vyote vimefungwa, damu hairudi kwenye moyo. Kinachookoa hapo ni upasuaji, na ni ndani ya saa chache. Mpaka nimpate mtu wa kumpasua ilikuwa saa nane mchana. Alifia mezani, mkono wangu ukiwa chini ya shingo yake.

Wanaopatwa zaidi ni mbwa wakubwa wenye kifua kirefu. Chui ni wa wastani, lakini nusu yake ni German Shepherd. Usimweke kwenye hatari hiyo.

Kwa hiyo mlo mkubwa uwe jioni, saa kumi na mbili au saa moja. Alfajiri atoke na tumbo tupu na maji kidogo. Usimwonee huruma. Wewe ukitoka bila chai unatetemeka, yeye hatetemeki, na sababu yake nitakueleza hapo chini. Mkirudi, mwache atembee, mpe maji kidogo kidogo, vikombe viwili, unasubiri, viwili tena. Pumzi ikishatulia kabisa na saa nzima imepita, mpe kitu chepesi: yai moja la kuchemsha na ukoko kidogo au vijiko vichache vya chakula cha jana usiku. Ikitokea lazima ale mlo kamili kabla ya mbio, pawe na saa tatu katikati, na mimi bado sipendi.

Sasa nije kwenye nguvu.

Sisi tukikimbia tunachoma zaidi wanga tulioweka kwenye misuli na ini, ndiyo maana wakimbiaji wa huku wanakula ugali na viazi wakashinda dunia. Mwili wa mbwa umejengwa vingine. Akienda mwendo wa wastani kwa muda mrefu, kuni zake kubwa ni mafuta. Mbwa wanaovuta sleji, yaani gari la kuteleza kwenye theluji, kule Alaska kwenye mashindano ya Iditarod, kutoka Anchorage mpaka Nome, kama kilomita 1,600, wanakula kalori zinazofika 10,000 kwa siku, na sehemu kubwa ya hizo ni mafuta. Usiige bakuli lao, wale wanakimbia kwenye theluji siku nzima. Ichukue kanuni: mafuta ndiyo yanayomsogeza, protini ndiyo inayotengeneza misuli na damu yake, na wanga unasaidia.

Ugali sio adui. Kuna utafiti wa mwaka 2013 uliolinganisha vinasaba vya mbwa na vya mbwamwitu, ukaonyesha kwamba mbwa, kwa kukaa na binadamu, amepata nakala nyingi zaidi za kinasaba cha kusaga wanga. Mbwa wetu wamekula ugali vizazi na vizazi. Ila upikwe ukaiva, na usiwe peke yake.

Nikupigie hesabu, maana mama yako atataka hesabu. Mbwa wa kilo 24 akikaa tu nyumbani na kutembea uani anatumia kama kalori 1,200 kwa siku. Kukimbia kunamgharimu takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Kilomita 10 ni kalori 240 za ziada, na kilomita 18 zinakaribia 430. Hiyo siku ya kilomita 10 anahitaji kama 1,450. Ugali uliopikwa sehemu kubwa ni maji, gramu 100 zinatoa kalori mia na kidogo. Kwa ugali mtupu ungelazimika kumshibisha karibu kilo moja na robo kila siku. Ndiyo maana anaacha nusu. Tumbo limejaa na mwili bado una njaa.

Ongezeko la kalori 240 halihitaji bakuli la pili. Kijiko kikubwa cha mafuta ya alizeti kina kalori 120 hivi, yai moja 70. Kijiko kimoja na mayai mawili, umemaliza deni la kilomita kumi.

Bakuli langu la jioni kwa mbwa wa kilo 24, ninavyolipika hapa nyumbani: unga wa dona gramu 150 ukiwa mkavu, dagaa wakavu gramu 120, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, mayai mawili, na kiganja cha mchicha au karoti iliyochemshwa. Hiyo inakaribia 1,200. Siku ya mbio naongeza kijiko cha mafuta na kipande cha utumbo wa ng'ombe uliochemka vizuri, siku ya mbio ndefu utumbo unakuwa mwingi zaidi. Mara moja kwa wiki ini, kipande cha ukubwa wa vidole viwili, usizidishe. Chumvi siweki, pilipili siweki.

Mafuta yaanze kidogo: kijiko cha chai kwa siku tatu, halafu viwili, unapanda polepole. Ukimwaga mafuta mengi kwa siku moja ataharisha, na kongosho inaweza kuvimba, ugonjwa wa maumivu makali.

Kuhusu dagaa, usipime kwa kiganja, pima kwa mizani. Kiganja chako ni gramu 20 au 25, na hizo hazijengi msuli wa mbwa anayekimbia kilomita 40 kwa wiki. Dagaa wa Mwanza mkavu zaidi ya nusu yake ni protini, na kwa kuwa analiwa na mifupa yake, madini ya chokaa (kalsiamu) yamo. Kwa pesa yako hakuna cha kumshinda. Chagua wasiotiwa chumvi. Wale wanaouzwa kwa ajili ya kuku ni rahisi lakini wamejaa mchanga, waoshe maji matatu, wapepete, ukaushe tena juani. Mimi nasaga kabisa kwenye kinu, nachanganya kwenye ugali ungali motoni, hapo hawezi kuchagua na kuacha.

Unga nao. Msimpe mbwa mahindi yaliyoota ukungu eti "haya ya mbwa". Sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, haiondoki kwa kupikwa, na ini la mbwa linaumia nayo haraka. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi ya namna hiyo. Kinachoua watu kinaua mbwa.

Glukosi weka pembeni, na vinywaji vya wanamichezo pia. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, anapoa kwa kuhema, kwa hiyo hapotezi chumvi tunayopoteza. Anachopoteza ni maji.

Kuna mambo mawili kwenye maelezo yako yananikosesha raha, na hayahusu ugali. Kilo mbili na nusu kwa miezi mitano, na kulala njiani. Kwanza, huo mchuzi wa jana una kitunguu? Mchuzi wa kwetu hauna maana bila kitunguu maji na kitunguu saumu, na vyote viwili vinavunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kidogo kidogo kila siku kinajikusanya. Mbwa anabaki na damu nyepesi, na mbwa mwenye damu nyepesi hawezi kupanda mlima wa kutoka Rau hata umlishe nini. Pili, njia za msituni zina kupe. Kesho asubuhi kukipambazuka inua mdomo wake wa juu, angalia fizi, halafu utuambie rangi.

Kocha_wa_Vumbi (Eldoret)

Salamu kutoka Eldoret. Nakubaliana na Mzee kwa kila kitu, nataka tu kuongeza neno kwa hayo matumbo, kwa sababu huku kwetu watu wengi wanaokimbia na mbwa wanapita kichinjioni wanachukua mapafu, maini yaliyotupwa na matumbo, wanarushia mbwa yakiwa mabichi. Usifanye hivyo.

Nilifanya kazi Lodwar, kule Turkana, miaka minne. Turkana ni mojawapo ya sehemu zilizojulikana ulimwenguni kwa ugonjwa wa mifuko ya maji kwenye ini na mapafu ya watu. Unatoka kwa mnyoo mdogo wa mbwa. Mbwa anakula kiungo kibichi cha kondoo au mbuzi mwenye ile mifuko, mnyoo unakua ndani ya utumbo wake, mayai yanatoka na kinyesi, yanashika manyoya, mtoto anamkumbatia mbwa halafu analamba vidole. Nimeona mama mwenye tumbo kama la mja mzito na hakuwa mja mzito. Ilikuwa ini lake. Kuchemsha kunaua kitu chote hicho. Chemsha mpaka nyama igeuke rangi hadi katikati, na umpe dawa ya minyoo yenye prazikwanteli. Mimi hutoa kila baada ya miezi mitatu.

Na mifupa iliyopikwa usimpe, inapasuka kama misumari. Mfupa wa kuku ndio mbaya zaidi.

Mbwa wangu wawili wanakula ugali na omena, ndio hao dagaa wenu, na kikombe cha maziwa ya mala (mtindi) tukirudi kutoka mbio. Maziwa mabichi yaliwaharisha, mala haijawahi.

Mama_Chui (Moshi)

Mzee wa Njiro, shikamoo. Nimesoma habari ya Tembo usiku nikashindwa kulala, nikaenda kumwangalia Chui kibandani. Pole sana kwa kumpoteza.

Leo hajala alfajiri na hatukukimbia. Nimeangalia fizi kukipambazuka kama ulivyosema. Nilikuwa nazijua za rangi ya waridi, leo ni kama rangi ya karatasi iliyoloa chai ya maziwa. Nimempapasa masikio, ndani ya sikio la kushoto kupe wanne, katikati ya vidole vya mguu wa mbele wawili wakubwa kama punje ya mbaazi. Nilikuwa namwogesha kila Jumamosi na sikuwahi kutenganisha vidole.

Kitunguu ndiyo, mchuzi wetu una vitunguu viwili vikubwa kila siku na saumu. Nimemwambia mama, amenyamaza. Mama ndiye anayempa mchuzi, kwa mapenzi, anasema ugali mkavu ni adhabu.

Je, nianze kumpa bakuli lako lote leo ili arudishe damu? Na nimpeleke kwa daktari au nisubiri nione chakula kitafanya nini?

Mzee_wa_Njiro (Arusha)

Marahaba binti. Mpeleke leo, usisubiri. Fizi za rangi hiyo pamoja na kupe ni kazi ya darubini na damu, sio ya sufuria. Mwambie daktari wa mifugo mambo manne bila kuficha: uzito uliopungua, kulala njiani, kupe, na mchuzi wa vitunguu. Mwambie pia kama umeona mkojo wenye rangi ya kahawa au wekundu. Magonjwa ya kupe yanatibika yakipatikana mapema, na kila moja lina dawa yake. Ukimpa dawa ya kubahatisha unapoteza siku ambazo hana.

Kupe usiwachome na kiberiti wala kuwapaka mafuta ya taa. Shika kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu bila kuzungusha.

Mbio zisimame kabisa. Hata kama anakuletea kamba mlangoni.

Bakuli ndiyo, anza, lakini kwa hatua. Mbwa hageuziwi chakula kwa siku moja. Leo na kesho robo ya chakula kipya, robo tatu ugali aliouzoea bila mchuzi. Kesho kutwa nusu kwa nusu. Ifikapo siku ya saba ndio bakuli lote jipya. Na kwa kuwa hakimbii, mpe kipimo cha siku ya kupumzika, ugawe mara mbili, asubuhi na jioni. Mayai, dagaa na ini vitasaidia kujenga damu baada ya daktari kuondoa kinachoila.

Mama usimlaumu. Mwambie atenge maji aliyochemshia nyama kabla hajatia kitunguu, hayo ndiyo mchuzi wa Chui. Utamu atapata, na mama ataendelea kumpa kwa mkono wake.

Dogo_wa_Iringa

Wakuu samahani kuingilia. Mimi nina mtoto wa mbwa wa miezi sita, anakula sana na ana nguvu kuliko mimi. Nikimpa hilo bakuli la mzee naweza kuanza kukimbia naye kilomita tano?

Mzee_wa_Njiro (Arusha)

Hapana mwanangu. Ncha za mifupa yake bado laini, zinakua. Kwa mbwa wa wastani ngoja mwaka mmoja, kwa mkubwa mwaka na nusu. Kwa sasa acheze mwenyewe kwenye nyasi, akichoka alale. Bakuli langu ni la mbwa aliyekomaa, mtoto anahitaji dagaa zaidi na milo mitatu kwa siku. Usimwongezee madini ya chokaa ya madukani juu ya hapo, ikizidi inaharibu mifupa ya mbwa anayekua sawa na ikipungua.

Mkimbia_Pwani (Dar)

Mzee, nisaidie na mimi. Wangu ameanza kunenepa tangu nimwongezee mafuta kama ulivyoandika. Nitajuaje kipimo chake bila kumpeleka kwenye mizani kila wiki?

Mzee_wa_Njiro (Arusha)

Kilomita saba mara mbili kwa wiki ni kazi ndogo, hakuhitaji mafuta ya ziada. Punguza. Kipimo unacho mwilini mwako. Kunja ngumi, papasa mafundo ya vidole: mbavu zake zikiwa hivyo amekonda. Geuza kiganja, papasa nyama iliyo chini ya vidole: mbavu zikizama namna hiyo amenenepa. Nyosha mkono, papasa mgongo wa kiganja, mifupa unaihisi chini ya ngozi bila kuitafuta. Hapo ndipo anapotakiwa mbwa wa mbio. Mimi huwapapasa wangu kila Jumapili, na bakuli la wiki linafuata nilichohisi.

Mama_Chui (Moshi)

Wanajamvi, wiki saba zimepita, nimerudi kuwapa mrejesho.

Daktari alichukua damu siku ileile. Alikuta ugonjwa wa kupe, na damu yake ilikuwa imeshuka sana, akasema vitunguu vimeongeza mzigo juu ya mgonjwa. Alipewa antibiotiki inayoitwa doksisaiklini kwa siku 28, na dawa ya kuzuia kupe ya kupaka shingoni. Vidonge nilikuwa namfichia ndani ya tonge la dona na dagaa. Siku ya tano alianza kulamba bakuli mpaka linahama uani.

Nimefuata hesabu ya mzee kwa mizani ya jikoni ya mama ya kupimia unga wa maandazi. Dagaa nanunua soko la Mbuyuni, nawaosha maji matatu, nasaga. Utumbo nachemsha kwenye sufuria yake peke yake. Inanigharimu kati ya elfu tatu na elfu nne kwa siku, siku za utumbo inapita kidogo. Nampima kwa kumbeba nikiwa juu ya mizani halafu natoa uzito wangu: wiki ya pili 21.8, wiki ya nne 22.6, juzi 23.4. Mbavu nikizipapasa ziko kama mgongo wa kiganja. Fizi zimerudi waridi, naziangalia kila asubuhi kabla hata sijanawa.

Mama ndiye anayeweka mayai pembeni sasa. Akichemsha nyama anaita "Chui, mchuzi wako huu" kabla ya kushika kisu cha kitunguu. Mzee, amenituma nikusalimie.

Jumanne iliyopita daktari alituruhusu kuanza. Tumetembea siku nne, na jana tumekimbia kilomita nne kwenye tambarare, tumbo tupu, saa kumi na moja na robo kwa sababu Januari hii joto la hapa halina huruma, ikifika saa tatu asubuhi lami haishikiki kwa kiganja. Tulipofika kwenye daraja dogo kabla ya msitu nilisimama kumpa maji. Alikunywa kikombe kimoja, akainua kichwa, akaanza kunivuta kamba kuelekea Rau. Nimemgeuza turudi, kwa shida. Jumapili tunajaribu sita, nikirudi nitawaambia fizi na mbavu zinasemaje.